Massawe wa Kibosho na Massawe wa Machame ni ukoo mmoja? Naomba msaada wa kufuatilia

Dada wa Kibosho aliandika:

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana kuna watu wawili wanaosubiri jibu la jambo hili na mmoja wao ni mdogo wangu.

Sisi ni Wachagga wa Kilimanjaro, ukoo wa Massawe wa Kibosho. Mdogo wangu amepata mchumba, walikutana Arusha kazini. Tulipokaa kuandika barua ya posa ndipo jina la baba wa binti likasomwa kwa sauti: Massawe, wa Machame. Baba mkubwa akaikunja barua. Akasema, "Huyu ni dada yako. Hatuoi nyumbani." Kikao kikavunjika hapo hapo, hata mbege haijaguswa.

Upande wa binti nako hawaelewani. Mama yake anasema Massawe wa Kibosho ni watu mbali kabisa, hata makanisa ni tofauti, wao Walutheri na sisi Wakatoliki. Shangazi yake anasema damu ni moja, kuna mtu wao alivuka mto Weruweru zamani za vita vya Wamangi, watawala wetu wa jadi, akapotelea huku kwetu. Ni nani huyo, mtoto wa nani, hasemi.

Mimi ni karani wa shule hapa Moshi mjini. Mafaili ndiyo kazi yangu, basi nimelibeba. Nimeanza kwa kukusanya kila Massawe ninayemsikia: kwenye kadi za michango ya harusi, kwenye matangazo ya misiba, kwa wake wa binamu zangu. Wengine wanaandika Masawe, wengine Massawe, na cheti cha marehemu shangazi yetu kinasema Masaawe. Orodha inakua, jibu halisogei.

Nilichonacho cha uhakika ni hiki. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, kiko Kibosho, babu amezikwa hapo na baba yake pia. Babu yake babu ndiye wa kwanza kukaa pale, na bibi alituambia alipewa kihamba hicho na Mangi Sina. Alitoka wapi, bibi hakusema, na walioweza kusema wameshatangulia.

Naomba anayejua aniambie: habari za watu wa zamani namna hiyo zimeandikwa wapi? Na nitajuaje kama sisi na wale wa Machame ni kitu kimoja? Sitaki kumuozesha mdogo wangu dada yake. Sitaki pia watu wanaopendana watenganishwe na herufi saba.

Katekista Mstaafu alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu.

Nimefundisha dini Kibosho na Uru tangu ujana wangu, na nimefuatilia ukoo wangu mwenyewe, ambao siyo Massawe, mpaka kwa mtu wa kwanza kufyeka msitu pale tulipo. Nitakueleza nilivyofanya, nawe utachukua linalokufaa.

Kwanza weka pembeni hiyo orodha ya Massawe wote. Huu utaratibu wa kila mtu kubeba jina la ukoo mwishoni mwa majina yake umeshika mizizi kwa sababu ya shule, kanisa na kodi. Wazee walimjua mtu kwa baba yake na kwa kihamba chake. Na walioingia kwenye ukoo waliingia kwa njia nyingi. Wapo waliozaliwa humo. Wapo waliokimbia vita wakapokelewa. Wapo watoto waliokuja na mama zao wakalelewa na baba wa pili. Ukifuata jina utakusanya watu wasiohusiana hata kidogo. Wewe fuata kihamba.

Anza na daftari la ubatizo. Parokia ya Kibosho ilifunguliwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1893, na parokia nyingi za huko juu zimezaliwa nayo baadaye. Kwa hiyo usiishie parokia unayosali leo. Parokia mpya huanza na kitabu kipya, cha zamani hubaki kwa mama. Mwandikie Paroko barua, mweleze unamtafuta nani, mtoto wa nani, wa kitongoji gani, makadirio ya miaka, na kwa nini unamtafuta. Ukifika na neno "natafuta Massawe" utampa karani wa parokia kazi ya mwezi mzima, naye atakukwepa, na mimi sitamlaumu.

Vitabu vya zamani vimeandikwa Kilatini. Usiogope, maneno yanajirudia kila mstari: filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike, patrinus ni msimamizi wa ubatizo. Kazi iko kwenye majina ya wazee wetu, maana yaliandikwa na wageni kama walivyoyasikia. Soma kwa sauti. Jicho litakwama, sikio litalitambua.

Ukimpata baba yake babu, tazama pembeni mwa ukurasa. Kanisa lina utaratibu kwamba mtu akifunga ndoa, hata iwe Tanga, taarifa hurudishwa parokia alikobatizwa ikaandikwa pembeni ya jina lake. Wengi wanasoma mstari wanaacha pembeni. Mimi nilimpata pembeni shangazi wa baba yangu ambaye nyumbani tulijua alifariki msichana. Kumbe aliolewa Same na akaacha watoto.

Kwenye nafasi ya baba mzazi huenda ukakuta jina moja tu, la asili. Shika hilo. Unajua kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Jina linaruka kizazi kimoja linarudi. Kama babu yako ni kifungua mimba, jina lake la asili ndilo la yule aliyepewa kihamba na Sina. Ukilikuta kitabuni na linalingana, umepata vitu viwili vinavyothibitishana, mdomo na karatasi.

Kuhusu miaka, wazee hawakuhesabu kwa kalenda, walihesabu kwa Mangi. Sina alipigana na Wajerumani mwaka 1891 na alifariki 1897. Mwanawe Molelia alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, siku moja na Mangi Meli wa Old Moshi. Basi kihamba kama kilitoka mkononi mwa Sina, mtu wenu alikuwa ameshavuka kabla ya 1897. Na enzi hizo Kibosho na Machame walikuwa wanavamiana. Watu walitekwa, watu walikimbia, na Mangi mwenye nguvu aliwapa ardhi wageni ili apate watu. Maneno ya yule shangazi usiyadharau.

La mwisho ndilo kubwa. Kwa mila zetu kifungua mimba hukatiwa kihamba chake, kitinda mimba hubaki na wazazi akarithi nyumba. Wa kati ndio wanaokwenda kutafuta. Kwa hiyo aliyevuka Weruweru huenda alikuwa mtoto wa kati. Ukifika Machame, uliza kihamba cha kitinda mimba wa kila tawi la Massawe. Hapo ndipo kuna makaburi, hapo ndipo kuna masale ya zamani, ile mimea ya mila yetu, na hapo ndipo anaishi mtu anayejua nani aliondoka. Waliobaki ndio wanaokumbuka. Uliza pia mfereji wa mahali hapo ulichimbwa na nani. Mifereji mingi ya mlimani inaitwa kwa jina la aliyeichimba, na uzao wake ndio uliosimamia zamu za maji. Ukoo wenye mfereji ni wenyeji wa zamani, wasiokuwa nao huenda walifika baadaye.

Kijana wa Njoro alijibu:

Mbona rahisi tu. Mdogo wako na huyo binti wakapime DNA, majibu yakitoka wazee watanyamaza.

Mtu wa Maabara alijibu:

Kijana, siyo rahisi hivyo, ngoja nieleze maana hili ni eneo langu.

Kwa swali la ukoo wa upande wa baba kinachotazamwa ni kromosomu Y. Baba humpa mwanawe wa kiume, naye humpa wake, ikibadilika kidogo sana njiani, kwa hiyo inasafiri sawasawa na jina la ukoo. Binti hana Y. Kumpima yeye na mchumba wake hakutajibu swali la wazee. Wanaotakiwa ni wanaume wawili: mdogo wako au baba yenu, na baba wa binti au kaka yake.

Zikilingana, maana yake kuna mtu mmoja huko nyuma aliyewazaa wote. Kipimo hakitakwambia jina lake, na idadi ya vizazi kitakadiria tu. Zisipolingana, mistari miwili ya baba ni tofauti, lakini bado wazee wanaweza kusema mtu wenu alipokelewa ukooni, na aliyepokelewa ni ndugu. Hapo maabara haina la kusema. Tena sampuli za vinasaba hapa kwetu zinasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2009 chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ulizeni ofisi yake kabla ya kumtumia mtu yeyote mate kwenye bahasha.

Lakini kazi hii inawezekana. Mwezi Septemba 2023 Berlin walitangaza matokeo ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro enzi za Wajerumani. Moja, la mtu aitwaye Akida aliyekuwa mshauri wa Mangi Rindi wa Moshi, lililingana kabisa na ndugu zake walio hai huku. Zaidi ya miaka mia imepita na familia imempata mtu wake. Nilisoma habari ile kazini nikashindwa kuendelea na kazi kwa muda.

Mmeru wa Akeri alijibu:

Dada, pole na hongera kwa kulibeba. Nachangia kutoka upande wa Arusha.

Sisi Wameru tunasimuliwa kuwa wazee wetu walitoka Kilimanjaro, na mpaka leo Mmachame akiongea polepole namwelewa. Mimi ni Urio. Machame nako kuna Urio. Nikiwa kijana niliuliza hilo hilo unalouliza, na mshili, yaani kiongozi wa ukoo wetu, akanijibu kwa swali: "Mnazikana?" Yaani wakifiwa wao sisi tunapelekewa taarifa? Sisi tukitambika, wao wana fungu la nyama? Nikasema hapana. Akasema basi jina ni moja, nyumba ni mbili.

Nakushauri uulize hivyo hivyo. Acha kuuliza kama ni ndugu, maana kila mtu atasema ndiyo kwa heshima. Uliza katika misiba ya karibuni nani aliitwa, na mbuzi akichinjwa nani hupewa nini. Mgao wa nyama unafuata ukubwa ndani ya ukoo, na wazee hawakosei hapo.

Kwetu bado tuna mshili anayejulikana kwa kila ukoo, ndiye wa kwanza kuonwa. Sijui kwenu Kibosho mnamwita nani, lakini yupo mzee ambaye hakuna kikao bila yeye. Mfuate kabla hujavuka mto, asije akasikia kwa watu.

Mwanafunzi wa Historia alijibu:

Nyongeza fupi kwa upande wa Machame, kwa kuwa wao ni Walutheri. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, mwaka ule ule ambao mapadre walifungua Kibosho. Kwa hiyo ng'ambo zote mbili za Weruweru zilianza kuandikwa vitabuni karibu wakati mmoja, ila kwa watu tofauti na lugha tofauti. Vitabu vya ubatizo na ndoa ombeni usharikani. Baada ya Vita ya Kwanza, wamisionari wa Leipzig waliondolewa mwaka 1920, ukikuta mwandiko na lugha vimebadilika kuanzia miaka hiyo usishangae. Barua na taarifa walizopeleka kwao zimehifadhiwa Halle, Ujerumani, na picha zao nyingi za Kilimanjaro zimewekwa kwenye mtandao na Chuo Kikuu cha Southern California. Zitazameni hata kama hamtapata jina, mtaona vihamba vilivyokuwa. Kumbukumbu za Mapadre wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue karibu na Paris.

Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar es Salaam. Mafaili ya Mjerumani na Mwingereza yapo, lakini humo wanatajwa zaidi Wamangi na kesi za ardhi. Kwa mkulima wa kawaida mimi ningeanzia chama cha msingi cha kahawa. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa, KNPA, kilianza 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikafuata 1933. Aliyeuza kahawa aliandikwa, na aliandikwa kwa jina la mahali alipo.

Dada wa Kibosho aliandika:

Nawashukuru sana. Katekista, aika mbe. Nimeanza kwa mzee wa ukoo wetu kama alivyosema kaka wa Akeri, amenibariki, na barua ya Paroko nimeshaipeleka. Nitarudi.

Dada wa Kibosho aliandika:

Nimerudi, na nina mengi.

Paroko alinikubalia. Karani wa parokia, mama mmoja mpole sana, alinitolea kitabu tukasoma wote kwa sauti. Tulipita mstari wa baba yake babu bila kumtambua, ni yeye aliyenirudisha akasema, "Hebu lisome tena hili." Nikalisoma, nikalisikia. Jina la ubatizo lilikuwa sahihi, na jina la baba yake lilikuwa moja tu, la asili, na ni lile lile la babu. Babu alikuwa kifungua mimba. Katekista, nilishika meza. Pembeni kuna ndoa yake na jina la bibi, ambalo hakuna nyumbani aliyekuwa analijua.

Nikavuka Machame na jina hilo. Aliyenipeleka ni yule yule shangazi wa binti. Tulianza kihamba cha kitinda mimba wa tawi lao. Mzee akahesabu mababa zake mmoja mmoja kwa vidole, akarudia mara ya pili ili niandike. Jina letu halimo. Mfereji wanaotumia ni wao wenyewe waliouchimba, anasema hakuna mtu wao aliyekosa ardhi mpaka avuke. Nilidhani safari imeishia hapo. Lakini akaniambia, "Jina hilo ni la wale wa juu," akatutuma kwa Massawe wengine, tawi lingine, juu zaidi mlimani.

Huko juu sikumaliza hata kueleza. Mzee wa nyumba hiyo aliposikia jina akasema, "Aliyekwenda kwa Sina." Wanamjua! Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, aliondoka na mbuzi wa mahari ya dada yake baada ya kutoelewana na kaka yake, na kila wakihesabu wana wa nyumba ile humtaja na kusema hajarudi. Miaka yote hii sisi tuko ng'ambo ya mto, tunaonekana kwa macho, na huku wanatutaja.

Kwa hiyo shangazi alisema kweli kwamba mtu alivuka, ila hakutoka tawi la binti. Nikamuuliza mzee swali la mdogo wangu moja kwa moja: je, tawi la juu na tawi la chini wanaoana? Akacheka, akamwita mkewe aliyekuwa jikoni. Yule bibi aliyetupikia chai amezaliwa Massawe wa tawi la chini, nyumba ile ile tuliyotoka, ni shangazi wa baba yake binti. Walioana miaka ya sitini. Bibi mwenyewe akatusimulia kwamba wakati wao wazee walikataa kwanza, kisha wa pande mbili wakakaa, wakahesabu mababa mpaka wakaishiwa, hawakukutana kwa mtu yeyote. Wakachinja, wakaruhusu. Ndoa ikafungwa kanisani.

Nimempelekea baba mkubwa habari hii yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hilo peke yake ni jambo kubwa kwake. Akasema anaamini, ila anataka kuona ndoa hiyo kwa maandishi kabla ya kuita kikao. Nifanyeje niipate?

Katekista Mstaafu alijibu:

Mwanangu, umenifurahisha sana.

Maandishi yatatoka usharikani kwao. Waombe mzee na bibi wenyewe ndio waende kwa Mchungaji kuomba nakala ya kumbukumbu ya ndoa yao, maana ni yao, wewe ukiomba utaulizwa maswali mengi na ni haki waulize. Lakini karatasi peke yake haitoshi kwa mtu kama baba yako mkubwa. Anachotaka kujua ni kama wazee walikaa, na hilo halikuandikwa na kanisa. Waalike mzee na bibi waje Kibosho baada ya Krismasi, wakati watu wote wako nyumbani. Na wasije kama mashahidi wa posa. Waje kwanza kukaribishwa kama ndugu wa damu, waonyeshwe kaburi la baba yake babu. Posa iwe siku nyingine. Msichanganye.

Dada wa Kibosho aliandika:

Nimeelewa Katekista, na baba mkubwa ameafiki zitengwe siku mbili. Mzee wa Machame amekubali kuja na wanawe wawili, bibi anashughulikia nakala kwa Mchungaji.

Jambo moja la mwisho kwa wanaosoma. Mzee anasema katika wale watano kuna na wa nne, aliyekwenda Old Moshi, naye hajarudi. Kama wewe ni Massawe wa Old Moshi na kwenu mnasimuliwa kuwa babu wa kwanza alitokea Machame, niandikie faragha unitajie majina ya asili ya kifungua mimba wa kila kizazi. Ningependa naye apatikane kabla ya Krismasi.